Mponyaji asife kwanza

Umeuliza kwa nini ukicheza Medic, yaani mponyaji wa timu, kwenye Team Fortress 2, mchezo wa video wa kurushiana risasi kwa timu, unakufa kabla ya wote. Kwa ulivyoeleza, unamkodolea macho unayemtibu tu. Ukishamshika na mwale wa tiba, macho yako yawe huru: geuka, tazama nyuma mara kwa mara, maana Spy, jasusi wa adui, huja na kisu mgongoni, na adui anakutafuta wewe kwanza.

Usimng'ang'anie mmoja pia. Wengi wanamjaza Heavy, mpiganaji mwenye afya nyingi kuliko wote, hadi pointi 450 za afya kisha wanaganda hapohapo, na kumbe chaji, ile nguvu ya kinga unayoikusanya kwa kutibu, hujaa polepole ukimtibu aliyejaa pomoni. Zungusha tiba. Majeruhi akikaa nyuma ya ukuta sekunde 10 bila kupigwa anaanza kupona haraka zaidi, zikifika 15 kasi ni mara 3. Kwa hiyo mwambie arudi yeye, usimfuate katikati ya risasi. Hili limeniokoa mechi nyingi sana.

Chaji ikijaa, itumie. Kinga ya kutodhurika kwako na kwa unayemtibu ni sekunde 8 tu, lakini ukifa nayo mkononi inapotea yote. Sema kwa sauti kabla ya kubonyeza, mwenzako awe tayari kusonga.