Miguu kwanza, uzi baadaye

Mtu anayetaka kujifunza kushona akiwa na miaka 50 au 60, kwa kujifurahisha tu, ni heri ashike cherehani ya miguu. Ya umeme hukimbia kabla mkono haujaelewa. Ya miguu ukisimama nayo inasimama.

Wengi huharibikiwa siku ya kwanza kwa sababu wanatunga uzi mapema. Usitunge. Inua mguu wa kukandamizia kitambaa, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, kisha miguu yako ifuate, mmoja mbele kidogo ya mwenzake. Gurudumu likirudi nyuma, uzi utajisokota na kukatika, ndiyo maana miguu hufundishwa peke yake. Nusu saa kwa siku 3 au 4 inatosha. Baada ya hapo fuata mistari ya karatasi ya daftari, bado bila uzi, kwa sindano kuukuu, maana karatasi hula ncha.

Sindano namba 14 inafaa khanga na vitenge. Uzi huingia tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano ikigeuzwa, mishono inaruka. Chini ya kitambaa kukijaa mafundo, usikimbilie kuchokonoa skrubu ya bobini, inayokaza uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi ulitungwa mguu wa kukandamizia ukiwa chini, haukupita katikati ya visahani vinavyoukaza. Inua mguu, tunga upya, na unapoanza kushona shika ncha zote mbili za uzi.

Kazi ya kwanza iwe foronya, kwa khanga kuukuu. Mpya ina wanga na hupungua ikifuliwa. Kwa mto wa inchi 16 kwa 24, kata kipande cha inchi 17 kwa 56. (Jina la khanga litaangukia karibu na mkunjo. Kama linakuuma, tumia kitenge.) Pinda ncha mbili fupi, nusu inchi mara mbili. Tandaza upande mzuri ukiangalia juu, kunja inchi 24 zije juu ya zenzake. Zinabaki inchi 6 nje, ndizo mfuniko: hizo zirudishe juu ya vyote, zisiingie katikati. Zikiingia katikati, ukigeuza foronya mfuniko utatokeza nje. Shona pande mbili, nusu inchi kutoka ukingoni, ukirudi nyuma mishono 3 mwanzo na mwisho.

Shona barazani asubuhi. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi usiku ni kuyaonea macho.

Mtwara na Lindi hewa ya chumvi huleta kutu upesi, kwa hiyo cherehani ifunikwe na ipate mafuta yake mepesi kila wiki. Ya kupikia hunata na kukamata vumbi. Ukishatia mafuta, shonea kwanza kitambaa kibovu hadi sindano ipite bila kuacha doa.