Chunguza rejeta kabla ya kukuza mkia

Wengi wenu mnaojiunga na karakana yetu ya ndege ndogo za mfano hapa Lubumbashi huanza na ndege za kivita za rafadha za Vita Kuu ya Pili, na tatizo la kwanza huwa lilelile: ndege inapaa vizuri, lakini pua inayumba kushoto na kulia bila kutulia. Nawasihi msikimbilie kukata mkia mkubwa zaidi kabla ya kuchunguza rejeta, yaani kifaa cha kupoza injini, imekaa wapi.

Rejeta ina uzito, na ina ubavu unaosukumwa na hewa ndege inapokwenda upande. Mambo haya mawili nilichelewa sana kuyatenganisha. Ndege hugeuka ikizunguka kitovu chake cha uzito, yaani mahali inaposawazika, kwa hiyo ubavu ulio mbele ya kitovu hicho huizidisha pua kupotoka, na ubavu ulio nyuma huirudisha katika njia yake, kama manyoya yanavyounyoosha mshale. Ndege yangu ya kwanza iliiga Hawker Typhoon, ambayo rejeta yake kubwa iko kidevuni. Ilipoyumba, nilifunga puani waya wa shaba nilioununua katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, nikiamini kwamba uzito ungetosha. Iliacha kuinua na kuinamisha pua ovyo, lakini kuyumba kwa upande kulipungua kidogo tu, kwa sababu ubavu wa mbele ulibaki palepale na mkia ulikuwa uleule.

Wahandisi wa ndege halisi walikutana na jambo hilihili. Tempest, iliyotokana na Typhoon, ilirefushwa mbele ili tangi la mafuta lipate nafasi, na ikabidi mkia uongezewe pezi. Focke-Wulf 190 D ilipopewa injini ndefu yenye rejeta ya duara puani, kiwiliwili kilirefushwa kwa sentimita 50 karibu na mkia. Zingatieni hapo: nguvu ya mkia ni eneo lake likizidishwa kwa umbali wake kutoka kitovu cha uzito, hivyo kuusogeza nyuma mara nyingi ni bora kuliko kuukuza.

P-51 Mustang iliweka rejeta chini ya tumbo, nyuma ya rubani, mahali ambapo ubavu wake hauisumbui pua. Hata hivyo, tangi la galoni 85 za Kimarekani, yaani lita 320 hivi, lililowekwa nyuma ya kiti lilisogeza kitovu cha uzito nyuma mno, na rubani alilazimika kupunguza mafuta hayo mapema kabla ya kupigana. Nayo Spitfire XIV, yenye rejeta chini ya mabawa, ilihitaji mkia mkubwa kwa sababu ya injini ya Griffon na rafadha ya mapanga matano, kwani rafadha nayo hufanya kazi ya ubavu wa mbele.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mkia, kateni umbo la ubavu wa ndege yenu kwenye karatasi ngumu, rejeta ikiwemo, mlisawazishe juu ya makali ya kisu, kisha mtie alama pale linaposawazika. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, lakini alama ikiangukia mbele ya kitovu cha uzito, au karibu nacho sana, msiirushe ndege hiyo siku hiyo.