Usianze kloni kabla hujawa na nakala ya tatu

Ndugu yangu, simama kwanza. Umeuliza ni programu ipi ya bure inayofaa na kama leseni ya Windows itahama, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho: unahamisha kila kitu leo usiku, kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya ukubwa uleule, na huna nakala nyingine kwa sababu fundi amekuhakikishia kwamba kloni, yaani kunakili diski nzima juu ya nyingine, husoma tu diski ya zamani. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini.

Fundi aliyeniuzia SSD aliiformati palepale dukani ili nisipate usumbufu. Usiku nikaiunganisha kwa waya wa USB, nikaiwasha kompyuta kwa flashi yenye programu ya kloni, ikaniletea mistari miwili, mmoja kwa kila diski, kwa majina ambayo programu yenyewe huzipa: sda 500GB na sdb 500GB. Pembeni ya kila mstari palikuwa na jina la modeli na namba ya diski, ila sikuvisoma, kwa kuwa macho yangu yalitafuta ukubwa na ukubwa ulikuwa mmoja. Nikachagua chanzo (diski ya kunakiliwa), nikachagua lengwa (diski ya kupokea), nikaiamuru inakili sekta kwa sekta, yaani kila kipande cha diski hata kilicho kitupu, kwani fundi alisema ndiyo njia salama kuliko zote. Programu iliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikajibu ndiyo mara zote mbili, nikaenda kulala.

Asubuhi kompyuta haikuona mfumo wowote wa kuwashia. Nilikuwa nimeinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Hesabu za duka za miaka 6 zilikwisha, na picha za marehemu mama za Idi yake ya mwisho zilikwenda nazo. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, faili lililofutwa kwa kawaida huweza kurudishwa, kwa sababu data yenyewe hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi kila sekta ilikuwa imekwisha kuandikwa upya, na mtaalamu niliyempelekea hakupata hata picha moja.

Fundi yule ananiuma hadi leo. Ni kweli kwamba chanzo husomwa tu, lakini hakuniambia kwamba lengwa hufutwa lote, wala kwamba programu haina namna ya kujua ni diski ipi yenye mali yako. Mtu anayeuza diski kila siku hana udhuru wa kumficha mteja jambo hilo.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya programu yoyote, nakili mafaili yako kwenye diski ya tatu, yafungue kwenye kompyuta nyingine, picha na hesabu na yote unayoyathamini, kisha ichomoe diski hiyo na uiweke kabatini. Ndipo uandike kwenye karatasi namba iliyo kwenye lebo ya kila diski, na uchague kwa namba hizo. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kinga yake ya kuifunga diski kwa siri, andika pia ule ufunguo wa kuifungulia wa tarakimu 48. SSD ikishawaka, diski ya zamani usiiformati kwa muda wa mwezi mzima.

Kama leo huna diski ya tatu, azima kwa jirani, au iache SSD ndani ya boksi lake hadi utakapoipata.