Filimbi hupulizwa, magitaa hucharazwa: kuhakiki bleki metali kwa Kiswahili

Swali: Naandika uhakiki wa Bergtatt, albamu ya kwanza ya kundi la Ulver la Norway, iliyotoka mwaka 1995. Nimeandika: "Albamu hii ya metali nyeusi ya angahewa ina ushawishi wa muziki wa kale na wa kienyeji, magitaa yanapiga haraka, filimbi inapigwa na mwimbaji anapiga kelele." Je, iko sawa?

Jibu: Kasoro ya sarufi ni moja tu, lakini msomaji asiyeijua albamu hatasikia chochote, au atasikia kitu kingine kabisa.

"Metali nyeusi" itampeleka kwenye karakana ya vyuma. Hili ni jina la mtindo mmoja wa roki nzito, liache kama "rege" na "jazi" zilivyoachwa: bleki metali. "Angahewa" ni hewa inayoizunguka dunia, somo la jiografia. Unachotaka kusema ni kwamba sauti zinamjengea msikilizaji mahali, na mahali penyewe unapajua: kisa cha albamu ni cha msichana anayepotea msituni na kuvutwa ndani ya mlima na viumbe wa huko. Basi andika "bleki metali yenye mandhari ya msitu na usiku".

"Ushawishi" hutokana na kushawishi, yaani kumvuta mtu akubali jambo. "Athari" nayo imezoeleka kwenye habari za mafuriko. Waandishi wetu wa muziki wana neno zuri zaidi, "vionjo". Sema "vionjo vya muziki wa jadi wa Norway na vya klasiki". Usiseme "wa kale", maana wengi watafikiria zilipendwa. Na "kienyeji" ina harufu ya dharau.

Vitenzi ndivyo vyenye utamu. Gitaa halipigi, hupigwa. Likiwa lenyewe ndiye mtendaji, hulia. Hapa mpigaji anachapa uzi uleule juu na chini kwa kasi bila kupumzika, hadi noti moja inageuka mvumo mrefu. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kucharaza, chenye ule mchapo wa kiboko ndani yake. Lakini kitumie kwa magitaa ya umeme pekee. Sura ya nne, yaani wimbo wa nne, ina gitaa kavu, lisilo la umeme, na sauti ya chini, hakuna dramu; hapo andika "linadonolewa taratibu". Ukiandika "linacharazwa" kote, utakuwa umefuta tofauti ambayo ndiyo roho ya albamu.

"Kupiga filimbi" si kosa, ila humleta refa uwanjani. "Kupuliza" hutoa pumzi, na filimbi inayofungua sura ya pili inasikika kwa pumzi yake. Usiite nai: hiyo ni filimbi ya mwanzi ya taarabu, ina sauti yake. Siku ukihakiki kazi yenye vayolini, taarabu itakufaa, kwani Unguja wanaiita fidla na watu wanaelewa.

"Anapiga kelele" ni lalamiko la jirani. "Kufoka" nako epuka, kwa sababu muziki wa kufokafoka ni rap. "Kunguruma" ni sauti nzito ya simba au radi, wakati waimbaji wa mtindo huu hutoa sauti nyembamba, kavu, inayokwaruza koo. Andika "sauti ya mikwaruzo". Tena si sauti pekee iliyopo: sura ya kwanza imejaa uimbaji laini, sauti juu ya sauti mithili ya kwaya. Uhakiki usiotaja hilo umeikosea albamu yenyewe.

Kwa hiyo: "Bergtatt ni bleki metali yenye mandhari ya msitu na usiku, na vionjo vya muziki wa jadi wa Norway na vya klasiki. Magitaa ya umeme yanacharazwa hadi yanakuwa mvumo. Kisha filimbi inapulizwa, gitaa kavu linadonolewa, na sauti ya mikwaruzo inapishana na uimbaji wa kikwaya."

Nimeandika "sura" kwa makusudi, kwa kuwa albamu yenyewe imegawanywa katika sura tano za hadithi moja. "Ngoma tano", kama tunavyosema mitaani, itachanganya zaidi hapa, kwani baadaye utahitaji kuzungumzia dramu. Kuhusu ngeli: albamu hii, albamu hizi, gitaa hili, magitaa haya. "Gitaa hizi" husikika sana kwenye mazungumzo, ila kwenye maandishi shikilia magitaa.