Unataka kutengeneza reli za chuma za treni za matofali? Anza na kiungo

Mtu akisikia kwamba nafanya kazi kwenye karakana ya kukata na kukunja bati hapa Midlands, Uingereza, na kwamba mimi na mwenzangu tunatengenezea wanachama wa klabu yetu reli zinazooana na zile za treni za volti 9 za LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuchezea, swali huwa lilelile: "Mnatumia chuma gani?" Swali zuri, lakini si la kwanza kuulizwa. Mimi ningetaka aniulize vipande viwili vinashikanaje. Anayenunua reli ananunua kiungo. Chuma kilichobaki katikati ni njia tu ya kufika kwenye kiungo kinachofuata.

Kwa ambao hawakuufuatilia mchezo huu: mwaka 1991 LEGO walileta treni zinazopata umeme kwenye reli zenyewe. Bati jembamba limekunjwa juu ya reli ya plastiki, reli ya kushoto ni upande mmoja wa umeme na ya kulia ni upande wa pili, na mota inauchota kupitia magurudumu yake ya chuma. Hakuna betri. Unawasha asubuhi kwenye maonyesho, treni inazunguka hadi watu waende zao. Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kuuacha mfumo huo, ikahamia kwenye treni za betri ambazo reli zake ni plastiki tupu. Mifumo mipya ina raha zake, sibishi. Ila mwenye mota za zamani kabatini hakubali zigeuke pambo, na reli za zamani zilizo katika hali nzuri, hasa za kugawa njia, zinauzwa kwa bei ya kukera. Hapo ndipo mafundi wadogo kama sisi tunapopata nafasi.

Sasa turudi kwenye kiungo. Kipande cha reli iliyonyooka kina urefu wa vinundu 16 (vile vidude vya mviringo juu ya tofali, ndivyo tunavyopimia), na kwa kuwa kinundu hadi kinundu ni milimita 8, jumla ni milimita 128. Mtu akitandika mzunguko wa mita 10, ambao kwa klabu si mkubwa, ana vipande kama 78 na viungo idadi hiyohiyo kwenye kila reli kati ya hizo mbili. Tuseme kila kiungo kina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.05 tu. Umeme unaingia sehemu moja na kuligawana duara kushoto na kulia, kwa hiyo treni ikiwa upande wa mbali kabisa kuna viungo 39 kila upande, na njia hizo mbili zinasaidiana. Piga hesabu: karibu omu 1 kwa reli moja, karibu omu 2 kwa zote mbili. Mota ikivuta ampea 1, volti 2 zimepotelea njiani. Kati ya volti 9, hilo utaliona kwa macho: treni inakimbia karibu na waya na kujikongoja upande wa pili.

Omu 0.05 huwezi kuipima kwa mita ya kawaida kwa kugusa huku na huku, maana nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo unaoutafuta. Fanya hivi. Unganisha vipande kumi, pitisha ampea 1 kutoka kwenye chanzo cha umeme kinachoweza kudhibiti mkondo, kisha weka mita kwenye milivolti na uguse chuma pande mbili za kila kiungo, karibu kabisa na mwanya. Ukisoma milivolti 5, una kiungo kizuri. Ukisoma 50, una tatizo. Ukisoma 5 hapa na 50 pale, tatizo ni kubwa zaidi, maana hata wewe hujui unachotengeneza. Baada ya hapo vichomoe vipande na kuvirudisha mara hamsini, pima tena. Halafu vitandaze juu ya zulia, kwa sababu wateja wako watavitandaza juu ya zulia hata ukiwaandikia barua, na upime huku ukikandamiza kwa kidole. Kiungo kinachofaa mezani tu bado hakijawa bidhaa.

Kinachoharibu viungo vingi ni kulitaka bati moja lifanye kazi mbili: libebe gurudumu na liwe springi ya kugusia. Brasi laini (brasi ni aloi ya shaba na zinki) inakunjika vizuri na kupitisha umeme vizuri, lakini ukiibana na kuiachia mara nyingi inachoka na kubaki imelala. Brasi ngumu ina uspringi, ila inapasuka kwenye mkunjo mkali. Ukiweza, tenganisha kazi hizo: reli ya kutembelea iwe ya chuma kimoja, na kile kijilimi cha kugusia kiwe cha fosfa-bronzi, aloi inayotumika kwenye plagi na soketi kwa sababu inakumbuka umbo lake. Gharama inapanda kidogo, malalamiko yanashuka sana.

Haya, chuma gani? Stenlesi inavutia: inang'aa, haishiki kutu, na kila mtu anaipendekeza. Lakini ukinzani wake ni kama mara kumi ya brasi. Chukua bati la unene wa milimita 0.2 lenye upana wa milimita 10 kabla ya kukunjwa. Likiwa la brasi, mita moja ina ukinzani wa kama omu 0.03. Likiwa la stenlesi ya kawaida, ni kama omu 0.36. Kwenye ule mzunguko wetu wa mita 10 wenye waya mmoja, stenlesi peke yake, kabla hujagusa viungo, inakula karibu volti 1.8 kwa ampea 1. Unaweza kuliponya hilo kwa kupeleka nyaya sehemu nyingi za mzunguko, na kwenye klabu ndivyo tunavyofanya hata hivyo. Lakini mteja wa nyumbani ana waya mmoja na subira ndogo. Tena stenlesi haikubali lehemu bila dawa kali ya asidi, wakati brasi inakubali mara moja.

Brasi nayo ina lawama zake. Inafifia rangi, na wapo wasiotaka reli ya dhahabu chini ya treni ya kijivu. Ukiipaka nikeli unapata sura ya reli halisi na uso mgumu zaidi. Nikeli-silva, ambayo haina fedha hata chembe bali ni shaba, zinki na nikeli, ndiyo iliyozoeleka kwenye treni ndogo za mifano. Ukinzani wake uko katikati na rangi inafaa bila kupakwa. Mimi nachagua brasi iliyopakwa nikeli. Mwenzangu angechagua nikeli-silva, na hajakosea.

Onyo moja kuhusu brasi: usikubali fundi akuletee ile ya kukerezea kwenye mashine. Hiyo huwekwa risasi, kama asilimia 3, ili ikatike kirahisi. Bati la kukunja linalofaa ni lile la shaba 63 na zinki 37, lisilowekwa risasi. Reli zitashikwa na watoto, hata ukiandika kwenye boksi kwamba ni za watu wazima. Na ukishakata bati, pitisha kidole, polepole, ukingoni. Ukihisi makali, mtoto atayahisi pia, na gurudumu nalo litayaokotea uchafu.

Upande wa plastiki watu huuchukulia mwepesi. Plastiki ya ABS ikipoa ndani ya kalibu hunywea, kwa kawaida kati ya asilimia 0.4 na 0.7. Kwenye milimita 128, nusu asilimia ni milimita 0.64. Mchonga kalibu mzuri analijua hilo na analifidia, lakini mwambie ni plastiki gani hasa utakayotumia kabla hajaanza kuchonga, usibadilishe baadaye kwa kuwa umepata ya bei nafuu. Kipande kikizidi kwa milimita 0.2 tu hakuna atakayekiona mkononi. Vipande 78 vikizidi kwa kiasi hicho, una zaidi ya milimita 15, yaani karibu vinundu viwili, na duara halifungi.

Tena plastiki na chuma havitanuki sawasawa. Joto likipanda kwa nyuzi 20, kipande cha ABS cha milimita 128 kinarefuka kwa takribani robo ya milimita. Brasi haifiki hata theluthi ya hapo. Kwa hiyo usigundishe bati kwa gundi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Libane sehemu moja katikati, kwingine liachie lipumue. Reli iliyogundishwa yote, ukiiacha dirishani siku ya jua, utaikuta imejikunja kama ndizi.

Kuhusu kona nina upendeleo wangu, na sababu yake ni ya nyumbani. Kona ya asili ya LEGO ina nusu-kipenyo cha vinundu 40, yaani milimita 320, na vipande 16 vinakamilisha duara. Kwa treni fupi inatosha. Mimi nilitaka kuunda injini ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59 ya East African Railways, zile injini 34 zilizotoka kwa Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Injini ya kweli ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30, imegawanywa sehemu tatu ili ijipinde kwenye kona za kupanda kutoka Mombasa. Kwenye kona ya vinundu 40 boila inaning'inia nje kiasi cha kuangusha kila mti ulioupanda kando ya njia. Wapenzi wengi wa treni za matofali, hata wasio na wazimu wa Garratt, wana shida hiyohiyo na mabehewa marefu. Ndiyo maana kona pana, za vinundu 56, 72, 88 na 104, zinatafutwa kuliko reli zilizonyooka. Hizo LEGO hawakuwahi kuzitoa kwa volti 9, kwa hiyo hushindani na mitumba ya mtu.

Ila kumbuka kwamba kwenye kona reli ya nje na ya ndani hazilingani. Kwenye kona ya asili, ya nje ina kama milimita 134 na ya ndani 118. Maana yake ni mabati mawili tofauti na dai mbili, yaani vyuma vya umbo vya kukatia bati, kwa kila ukubwa wa kona. Mtu anayekuahidi kona za saizi tano, reli iliyonyooka, nusu na robo, na ya kugawa njia, vyote kwa mkupuo mmoja, hajakaa na fundi wa dai akahesabu.

Niliwahi kuchangia mradi wa aina hiyo mtandaoni, sitautaja. Picha zilikuwa nzuri, sampuli ilikuwa imechapishwa kwa printa ya 3D, na pesa zilikusanywa kwa bidhaa zote kabla kalibu moja haijatoa kipande. Baada ya hapo zikaja taarifa za kuchelewa, kisha taarifa kuhusu taarifa. Sikasiriki sana tena. Lakini ndiyo sababu sisi tulianza na reli iliyonyooka na kona moja pana, tukauza tulichokuwa nacho ndani ya maboksi, na faida ndiyo iliyolipia dai iliyofuata. Ni mwendo wa kobe. Ukilazimika kuchukua pesa za watu mapema, chukua kwa kitu ambacho kalibu yake imeshatoa vipande ulivyovipima viungo, si kwa mchoro.

Kuhusu sheria nitasema machache. Hataza za tofali zilikwisha zamani, na umbo lenyewe mahakama zimekataa kulifunga kuwa alama ya biashara: Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005, na ya Ulaya Septemba 2010. Jina, hata hivyo, ni mali ya wenyewe. Andika kwamba reli zako zinaoana na za LEGO, usizipe jina hilo wala kuiga nembo yao. Na kabla ya kuuza Uingereza au Umoja wa Ulaya, ulizia mtaalamu kama bidhaa yako itahesabiwa kuwa kichezeo cha watoto. Kuandika "kwa watu wazima" peke yake hakukuokoi.

Wengi huishia kuniuliza kuhusu reli za kugawa njia. Nawaambia wasubiri. Pale reli mbili zinapokatana lazima chuma kikatwe ili pande mbili za umeme zisigusane, na mwanya huo ukiwa mpana kuliko gurudumu linavyoweza kuruka, mota inazimika juu yake. Sisi tunayo moja mezani. Inapitisha treni ndefu bila shida, injini fupi yenye mota moja inakwama mara kwa mara, na hatuiuzi mpaka iache kukwama.