Kabla Hujaomba Kazi ya Kulinda Mapori au ya Uokoaji

Kila ninapokutana na kijana anayetamani kazi ya kulinda mapori au ya kuokoa waliopotea, swali lake la kwanza huwa juu ya nguvu: atatakiwa kutembea kilometa ngapi, atabeba mzigo wa kilo ngapi, na je, mwili wake utahimili. Ni swali la haki, kwa sababu kazi hizi zinachosha kweli. Hata hivyo, mimi humuuliza swali jingine: je, unaweza kutembea kutwa nzima bila kukuta chochote, kisha jioni ukaketi na kuandika taarifa kwa uangalifu uleule ambao ungeutumia kama ungekuta kila kitu? Nimefanya kazi ya uhifadhi kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia katika kikosi cha utafutaji na uokoaji. Nimewaona wenye miili ya wanariadha wakiondoka mapema, huku watu wa maumbile ya kawaida wakidumu na kuheshimika, na mara nyingi kilichowatenganisha kilikuwa ni jibu la swali hilo.

Tuanze na doria, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kazi ya askari wa hifadhi. Watu hudhani kwamba doria ni kufukuzana na majangili, lakini siku nyingi ni kutembea polepole, macho yakiwa chini na pembeni. Mtego wa waya haujitangazi. Hutegwa pale njia ya wanyama inapobanwa kati ya vichaka viwili, na mara nyingi kitakachokuonyesha si kitanzi chenyewe bali ni gome lililochubuka pale waya ulipofungwa kwenye shina, au matawi yaliyopangwa kama uzio mdogo ili kumwelekeza mnyama mahali pamoja. Ukiupata, unaandika mahali, tarehe, aina ya waya na hali yake, kisha unauondoa. Usipoupata, bado unaandika ulikopita, muda uliotumia na mlikuwa watu wangapi.

Wageni wengi wa kazi hii huiona sehemu hiyo ya pili kuwa ni urasimu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Tuseme mwaka huu mitego iliyokusanywa imepungua kwa nusu. Je, ujangili umepungua, au ni doria zilizopungua? Bila kumbukumbu ya njia zilizotembewa na kukutwa tupu, hakuna awezaye kujibu. Ndiyo maana hifadhi nyingi duniani sasa zinatumia programu kama SMART, ambayo huhifadhi juhudi ya doria pamoja na kilichoonekana, ili mkuu wa hifadhi apange askari wake kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Askari anayejaza fomu yake kwa uvivu humpotosha mwenzake atakayetumwa mwezi ujao.

Katika utafutaji wa mtu aliyepotea, jambo hilo lina hesabu yake kamili. Msingi wake uliwekwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale Bernard Koopman na wenzake walipolifanyia jeshi la majini la Marekani utafiti wa namna ya kutafuta nyambizi baharini. Wazo lenyewe ni rahisi: uwezekano wa kumpata mtu ni zao la mambo mawili, yaani uwezekano kwamba yumo katika eneo fulani, na uwezekano kwamba mtamwona ikiwa yumo. Chukua mfano wa eneo linalokadiriwa kuwa na asilimia 60 ya uwezekano wa kuwa na mtu huyo, na kikosi chenye nafasi ya asilimia 50 ya kumwona. Nafasi ya kufanikiwa ni asilimia 30. Wakirudi mikono mitupu, eneo hilo halifutwi kwenye ramani, bali uwezekano wake unashuka hadi takriban asilimia 43, na maeneo mengine yaliyobaki, ambayo kwa pamoja yalikuwa na asilimia 40, yanapanda hadi takriban 57. Kwa maneno mengine, kikosi kilichorudi bila mtu kimebadilisha ramani nzima ya kesho, mradi kiwe kimesema ukweli juu ya namna kilivyotafuta.

Nakumbuka taarifa moja ya jioni iliyoandikwa na dada mmoja ambaye alikuwa bado mgeni kikosini. Wenzake waliandika kwamba eneo lao limekwisha na hakuna kitu. Yeye aliandika kwamba walitembea kwa mstari, mita 20 kati ya mtu na mtu, na kwamba kusini mwa kijito palikuwa na kichaka kinene ambamo hawakuweza kuona zaidi ya mita 5. Sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya mratibu arudishe watu kwenye kichaka kile alfajiri, wakiwa wamekaribiana zaidi, na mzee tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa humo, dhaifu lakini hai. Natamani kila anayeanza kazi hii aandike kama dada yule.

Kuna elimu nyingine inayohitaji subira ya namna hiyohiyo, nayo ni kusoma nyayo. Wakati mzuri ni asubuhi au jioni, jua likiwa chini, na unyayo unapaswa kuwa kati yako na mwanga ili vivuli vionyeshe kingo zake. Saa sita mchana unyayo uleule unaweza kutoweka machoni ingawa uko palepale. Watafutaji hubeba fimbo ya kupimia hatua: unaweka alama kwenye fimbo kulingana na umbali wa kutoka kisigino hadi kisigino, na unyayo unaofuata usipoonekana, unaizungusha fimbo kutoka kwenye unyayo wa mwisho ulio na hakika nao, ukichunguza upinde mdogo wa ardhi mahali ambapo mguu ungelazimika kukanyaga. Huko utakuta jani lililobonyezwa, kokoto iliyogeuka na kuonyesha upande wake wenye unyevu, au chembe za udongo juu ya nyasi. Unaweza kutumia saa nzima kwa mita chache. Asiyependa kazi ya namna hii hawezi kuivumilia, na ni heri alijue hilo mapema.

Jifunze pia tabia za waliopotea, kwa sababu hawafanani. Watoto wadogo wana kawaida ya kujipenyeza mahali pa kujificha na kulala, na wakati mwingine hawaitiki hata wakisikia majina yao, kwa woga au kwa kuwa wamefundishwa kutozungumza na wageni. Kwa hiyo anayemtafuta mtoto hutazama chini ya magogo na ndani ya mapango madogo, wala hategemei kuita peke yake.

Kuhusu mafunzo, ningeanza na mawili kabla ya mengine yote. La kwanza ni ramani na dira. Kifaa cha GPS ni msaada mkubwa, lakini betri huisha na skrini huvunjika, na aliyejua kifaa peke yake hubaki hajui aliko. Jizoeze kusoma kontua, yaani mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, mpaka uone bonde na mgongo wa kilima kwenye karatasi, na uelewe tofauti ya kaskazini ya sumaku, inayoonyeshwa na dira, na kaskazini ya kweli, kwa sababu kosa la nyuzi 5 katika mwelekeo hukupeleka takriban mita 87 pembeni kwa kila kilometa unayotembea. Porini usiku, mita 87 zinatosha kumpita mtu.

La pili ni huduma ya kwanza ya porini, ambayo si sawa na ile ya mjini ambako gari la wagonjwa liko karibu. Kozi za ngazi ya kati kwa kawaida huchukua saa 70 hadi 80, na humfundisha mtu kumtunza majeruhi kwa saa nyingi, kutengeneza banzi la kufungia mfupa uliovunjika kwa vitu vilivyopo, na kuamua kama asubiri msaada au aanze safari. Humo utajifunza kwamba baridi huua hata katika nchi za joto, hasa mlimani, nguo zikiwa zimelowa na upepo ukivuma. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi mtu yuko hatarini, na aliyekuwa akitetemeka sana akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, hali yake inazidi kuwa mbaya. Mtoe nguo zilizolowa, mtenge na ardhi, mfunike, na mbebe taratibu, kwa kuwa kumtikisa kwa nguvu mtu aliyepoa kupita kiasi kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Njia za kuingia ni nyingi. Wanaotaka ajira ya uhifadhi kwa kawaida hupitia vyuo vya wanyamapori, kama Mweka cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1963, au Garoua cha Kameruni kilichoanzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa. Uokoaji una sura nyingine, kwani sehemu kubwa yake duniani hufanywa na watu wa kujitolea. Vikosi vya milimani vya Uingereza karibu vyote ni vya kujitolea, na boti za uokoaji za RNLI, taasisi ya uokoaji baharini ya huko iliyoanzishwa mwaka 1824, huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wenye kazi nyingine za kuwalisha. Kwa hiyo usiache kazi yako ukitegemea kwamba uokoaji utakuajiri. Na asiyeweza kupanda milima asikate tamaa: vikosi vinahitaji wasimamizi wa redio, wachora ramani, wakufunzi wa mbwa na mafundi. Kuna pia wanaopokea ishara za dharura za mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ambao mwezi Septemba mwaka 1982 uliwezesha kuokolewa kwa watu 3 wa ndege ndogo iliyoanguka Kanada. Hao hufanya kazi wakiwa wameketi, na maisha ya watu yako mikononi mwao.

Sitaki kuficha upande mzito. Wenzetu hufa kazini, na Shirikisho la Kimataifa la Askari wa Hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1992, huwakumbuka kila tarehe 31 Julai. Katika uokoaji utawakuta wengine wakiwa wamekwisha kufa, na utakuwepo wakati ndugu zao wanapoambiwa. Kunyamaza nalo si ushujaa. Vikosi vilivyo makini huketi pamoja baada ya tukio, kila mmoja akaeleza alichokiona, na humfuatilia mwenzao wiki kadhaa baadaye. Ongea na familia yako pia kabla ya kuanza, kwa kuwa ni wao watakaobaki nyumbani simu ikilia usiku wa manane.

Ukishaamua, usianze kwa kuomba kwenda mstari wa mbele. Nenda kwenye kikosi au hifadhi iliyo karibu nawe, uombe kushika daftari la redio katika mazoezi, kwa maana pale utasikia kila uamuzi ukifanywa na utajifunza namna watu wazoefu wanavyosema kwa ufupi na kwa usahihi. Kabla ya kujiunga, omba uonyeshwe taarifa za utafutaji uliopita, hasa ule ambao mtu hakupatikana siku ya kwanza. Uliza pia nani ana mamlaka ya kusitisha kazi hali ya hewa ikiharibika, bima inamhusu nani, na nini hufanyika mwenzenu akirudi amevunjika moyo. Wakikujibu kwa uwazi na daftari zao zikiwa zimejazwa vizuri, wape muda wako. Wakikuonyesha picha za helikopta tu, endelea kutafuta kikosi kingine.