Gofu la mapambo lina nyufa: usikimbilie saruji

Ndugu, umesema unatunza shamba la tajiri huko Uingereza, lina mnara wa mawe uliobomoka, na mwenyewe anataka nyufa zizibwe kwa saruji. Mzuie kwanza.

Minara hiyo mingi ilijengwa ikiwa gofu tangu mwanzo, kupamba mandhari. Mbunifu wa majengo Mwingereza, Sanderson Miller, alijenga mmoja kwenye bustani ya Hagley huko huko Uingereza miaka ya 1740. Kwa hiyo kilele kilichokatika huenda ndio mchoro wenyewe, usikijaze. Ubovu wa kweli utauona kwenye mpasuko wenye rangi mpya, mawe yaliyodondoka karibuni, au ukuta uliovimba tumbo.

Kuvimba huko ndiko kunakoua. Ukuta mnene kwa kawaida ni nyuso mbili za mawe, katikati kifusi na chokaa. Mvua ikipenya juu huosha chokaa, maji yakiganda hutanuka, nyuso zinaachana. Saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe laini humeguka.

Kwangua viungo kati ya mawe kwa mkono, lowesha, kisha jaza chokaa ya haidroliki, yaani inayoganda kwa maji (daraja la NHL 3.5), sehemu 1 kwa mchanga mkali wa chembe kubwa sehemu 2½ hadi 3. Funika kwa magunia mabichi. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, acha. Juu ya ukuta tandaza udongo na nyasi. Mmea unaotambaa ukutani usiuvute: kata shina, usubiri ukauke.

Kama jengo limeorodheshwa kisheria kuwa la urithi, kulibadilisha kwa namna inayoathiri sura yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Popo wanaojificha kwenye nyufa nao wanalindwa kisheria. Palipovimba, weka uzio leo na mwite mhandisi wa majengo ya kale.